Karafuu, mkaratusi, mchaichai au mti-chai: mafuta yapi kwa shida ipi?

Mwaka juzi nilitoka nyumbani Majengo nikashuka mjini kutafuta mafuta ya "mti wa chai" kwa ajili ya chunusi. Muuzaji alisikia "mchaichai". Nikapewa kichupa cha kahawia, nikalipa, nikarudi zangu, na usiku huo nikajipaka usoni bila kuchanganya na chochote. Kulipokucha mashavu yalikuwa mekundu kama nyanya. Siku tatu nilitembea na mtandio umevutwa hadi puani, nikiwaambia watu nina mafua. Chunusi zilibaki pale pale.

Lawama si ya muuzaji. Mimi nilinunua jina, sikununua dawa, tena sikujua kwamba mafuta yale hayapakwi makavu. Tangu siku hiyo, mtu wa nyumbani akiniuliza, "Dada, ninunue yapi?" nami humrudishia maswali mawili: ya nini, na nyumbani kwako kuna nani? Ulinganisho huu umejengwa juu ya maswali hayo.

Tuelewane kwanza tunaposema "mafuta"

Huku Pwani neno hili lina mizigo mingi. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya habasoda na ya mwarobaini hukamuliwa. Tone lake kwenye karatasi huacha doa lisilokauka. Mafuta ninayoyalinganisha hapa hukenekwa. Majani, vikonyo au maua hupitishiwa mvuke, mvuke unapozwa kwenye bomba, na kinachodondoka ni maji yenye mafuta mepesi yaliyobeba harufu yote ya mmea. Ukiyaacha wazi, huruka. Aliyewahi kuona marashi yakikenekwa anaijua kazi hii.

Kwa hiyo tone si sawa na jani. Birika la chai ya mchaichai lina chembe tu ya mafuta hayo, lakini kichupa cha mililita 10 kimekula kilo mbili tatu za majani mabichi. Bibi aliyekunywa chai ya mchaichai miaka 60 bila kudhurika hajathibitisha kwamba mafuta yake hunyweka.

Na hilo neno "asilia" linalobandikwa kila chupa lisikupumbaze. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ikaota mizizi Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Mkaratusi na mti-chai ni wa Australia. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili garimoshi lipate kuni. Mchaichai nao ulitoka Asia. Katika hao wanne hakuna mwenyeji hata mmoja. Mwenyeji ni kivumbasi, naye nitamtaja mwishoni.

Vigezo nilivyotumia

Kila moja nimelipima kwa mambo manne. La kwanza ni ushahidi: je, yamejaribiwa kwa watu, au yameua vijidudu kwenye kisahani cha maabara tu? Hapo ndipo matangazo mengi hudanganya, maana hata jiki huua vijidudu kwenye kisahani. La pili ni namna ya kuyatumia. La tatu ni hatari yake, na hatari hiyo ni kwa nani hasa. La nne ni kuyapata hapa Mombasa na kuyajua kama ni yenyewe.

Kipimo cha jikoni kitatusaidia kote: tone moja katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi (mililita 5) ni takriban asilimia 1. Na kabla ya kupaka mafuta yoyote mapya, jaribu kidogo yaliyochanganywa ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima.

Mafuta ya karafuu

Sifa yake ni jino, na sifa hiyo hakuipata bure. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni yujenoli, kitu kinachotia ganzi. Madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki kupata saruji ya kuziba jino kwa muda. Ile harufu inayokupokea mlangoni mwa kliniki ya meno ndiyo hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walilinganisha jeli ya karafuu na benzokaini, dawa ya ganzi ya kupaka, kwa watu 73 waliochomwa sindano kinywani. Zote mbili zilipunguza maumivu kuliko dawa bandia, na baina yao hapakuwa na tofauti ya maana.

Kutumia: tone moja la karafuu na matone machache ya mafuta ya nazi kwenye kipande kidogo cha pamba, uguse jino lenyewe. Usiguse fizi, usiguse ulimi, na usilale na pamba mdomoni. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma nyama laini, ukaamka na kidonda juu ya jino. Usisahau pia kwamba haya hunyamazisha maumivu tu; tundu linaendelea kuchimbika. Najua watu waliopoza jino moja kwa karafuu toka Ramadhani hadi Ramadhani, kisha likang'olewa kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuziba. Shavu likivimba, homa ikipanda au mdomo ukiwa haufunguki vizuri, hapo ni hospitali siku ile ile.

Hatari kubwa ni kwa watoto. Mililita 5 hadi 10 zikimezwa na mtoto mdogo zimewahi kumtia katika hali ya kuzimia na kuharibu ini, na mililita 5 ni kijiko cha chai tu. Yujenoli pia hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au anayengoja kupasuliwa au kung'olewa jino, amwambie daktari wake kabla. Kwa ngozi, usizidishe tone moja katika vijiko viwili vya mafuta ya nazi.

Upatikanaji ndiko karafuu inakowashinda wenzake, kwa kuwa jirani yetu Pemba ndiye mwenye mali. Kule Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda ambacho watu hukiita cha makonyo kwa sababu hukeneka vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambuliwa. Mafuta ya makonyo ni rahisi kuliko ya karafuu yenyewe, na harufu yake haina utamu ule. Mpika udi na mafuta ya kujipaka ataona tofauti; jino halitaiona. Kuyapima ni kazi nyepesi: dondosha tone kwenye gilasi ya maji. Karafuu ni nzito kuliko maji, huzama, ilhali mafuta mengine yote ya ulinganisho huu huelea. Tumia gilasi, maana haya hula plastiki laini. Mimi nimeharibu kikombe kimoja cha kutupa kwa kutaka kujua.

Yanamfaa mtu mzima anayetaka usingizi wa usiku mmoja kabla ya kumwona daktari wa meno.

Mafuta ya mkaratusi

Wakati wa korona kila nyumba ilifukiza. Mkaratusi, mchaichai, ndimu, tangawizi, blanketi juu ya kichwa, na jasho linatiririka kama uko kwenye tanuri. Korona haikuzuiwa na mvuke huo. Ila pua iliyoziba ilipata nafuu, na nafuu hiyo ina sababu: sineoli, ambayo pia huitwa yukaliptoli, ndiyo kiini cha mafuta haya. Mwaka 2004 huko Ujerumani wagonjwa 152 wa sainasi waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya sineoli na wengine vidonge bandia. Baada ya siku 7 wale wa sineoli walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Angalia vizuri hapo: vidonge vya kiwandani vyenye kipimo, miligramu 200 mara tatu kwa siku. Matone ya kwenye chupa kunywewa na chai hayakuhusika. Mililita chache za mafuta haya zikimezwa huleta degedege na kuzimia.

Njia ninayoipenda ni ya upole: matone mawili kwenye leso, unavuta harufu kwa mbali. Ukitaka kujifukiza, chota maji ya moto kwenye bakuli, liweke mezani, lisiwe kwenye jiko wala sakafuni, subiri kidogo, tia matone mawili au matatu, fumba macho, dakika tano zinatosha. Wanaoungua kwa kufukiza mara nyingi hawaunguzwi na dawa. Sufuria huwapindukia, na aliye karibu na sufuria huwa ni mtoto. Kwa kifua, matone mawili kwa kijiko cha mafuta ya nazi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 mimi sipaki wala sifukizi, na hasa si karibu na pua. Sineoli na kafuri zinaweza kubana njia ya hewa ya mtoto mchanga zikamfanya akose pumzi. Hili huwa gumu kwa mama zetu, kwa kuwa kumsugua mwana kifuani kwa dawa yenye kafuri ni mapenzi ya tangu na tangu. Mama yangu mwenyewe aliniambia, "Mbona nyinyi niliwapaka na mmekua?" Sikumjibu, nilimpa maji ya chumvi ya matone ya pua, akamfanyia mjukuu, pua ikafunguka. Mwenye pumu naye ajaribu kwa hadhari au aache, kwa sababu harufu kali yenyewe humwamshia pumu.

Kuyapata si shida, kemisti nyingi wanayo. Shida ni jina. Kuna mkaratusi wenye sineoli, kama Eucalyptus globulus, na kuna mkaratusi wa harufu ya ndimu, Corymbia citriodora, ambao kiini chake ni kingine kabisa na haufai pua. Huo wa ndimu ndio unaotajwa kwenye habari za mbu, lakini kinachopendekezwa na mamlaka za afya za Marekani ni dondoo lake lililotengenezwa maalum, PMD. Mafuta ghafi ya kwenye kichupa hayahesabiwi. Hata hilo dondoo hawalitaki kwa watoto chini ya miaka 3.

Mkaratusi unamfaa mtu mzima mwenye mafua na asiye na pumu.

Mafuta ya mchaichai

Uso wangu unayakumbuka. Kiini chake ni sitrali, ndiyo harufu ile ya ndimu, nayo huwasha ngozi ikizidi. Tone moja kwa vijiko viwili vya mafuta ya nazi, usivuke hapo, na usoni usipake kabisa.

Ushahidi wake ni wa wastani. Utafiti wa Brazil ulijaribu mafuta haya kwa watu wenye choa, yale mabaka meupe au ya kahawia mgongoni na kifuani ambayo joto na jasho la Mombasa huyapenda mno. Yalisaidia wengi, ila ketokonazoli, dawa ya fangasi ya kawaida ya dukani, ilisaidia zaidi. Kwa maneno mengine, kama krimu ya fangasi unaimudu, anza nayo.

Matumizi ambayo watu wengi wanayanunulia ni mbu. Hapo kusema kweli nina wasiwasi. Mchaichai hufukuza mbu, lakini kwa muda mfupi, pengine saa moja, kisha huruka na jasho. Mombasa tumepigwa na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, na dengi imetupitia pia. Magonjwa hayo huletwa na Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na anayezaliana kwenye ndoo, matairi na mitungi ya maji tunayoweka kwa sababu mfereji hautoki kila siku. Kufunika mtungi kuna faida kuliko chupa kumi za mafuta. Kwa mbu wa malaria anayeuma usiku, chandarua. Mchaichai uwe wa kibarazani jioni, wakati wa mazungumzo, matone kadhaa kwenye chetezo cha maji. Hapo ni mzuri, na nyumba inanukia.

Ni rahisi kupatikana na bei yake haiumizi. Kwa sababu hiyo hiyo huongezwa mafuta mengine. Jaribio la karatasi husaidia, kwani likibaki doa la mafuta baada ya siku, umeuziwa mchanganyiko. Yanamfaa anayetaka harufu na kinga ndogo ya nje. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa ayapite.

Mafuta ya mti-chai

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Hayahusiani na majani ya chai ya Kericho wala na mchaichai. Hutoka kwa Melaleuca alternifolia, mti wa kaskazini mwa New South Wales, ambao majani yake wenyeji wa huko, Wabundjalung, wameyatumia kwa vidonda na kikohozi tangu kale. Mkemia Arthur Penfold alianza kuyachunguza katika miaka ya 1920 akayasifu kwa kuua vijidudu.

Kwa ngozi, hakuna katika hawa wanne aliyepimwa kwa watu kama huyu. Mwaka 1990, huko Sydney, watu 124 wenye chunusi walipewa jeli ya mti-chai ya asilimia 5 au benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5. Zote zilifanya kazi. Mti-chai ulichelewa, lakini uliwakausha na kuwawasha watu wachache zaidi. Mwaka 2002 shampuu ya asilimia 5 ilipunguza mba kwa asilimia 41, dhidi ya 11 kwa shampuu bandia. Mwaka huo huo fangasi wa vidoleni waliondoka kwa asilimia 64 ya waliopaka mchanganyiko wa mti-chai wa asilimia 50, kulinganisha na 31 kwa waliopaka dawa bandia. Si muujiza, lakini ni hesabu unayoweza kuishika mkononi.

Asilimia 5 ni matone matano kwa kijiko cha chai. Kwa chunusi usitumie nazi, maana huziba vinyweleo vya wengi; changanya na jeli ya mshubiri. Kwa vidole vya miguu nazi ni sawa, ila ujue asilimia 5 ni hafifu kuliko ile ya utafiti. Watu wanaovaa buti kutwa, walinzi na wa bandarini, ndio ninaowaelekeza huku mara nyingi. Na wakaushe miguu kwanza, kwa sababu fangasi kwenye soksi mbichi hauna dawa.

Usimeze hata kidogo: mtoto aliyeyanywa huweza kulegea, kuyumba na kupoteza fahamu. Jambo la pili, joto la Mombasa huyageuza. Yakikaa wazi au dirishani huoksidika, na hayo yaliyozeeka ndiyo huleta mzio wa ngozi. Chupa ya kioo cheusi, kifuniko kimebanwa, mahali penye kivuli, na baada ya mwaka wa kufunguliwa itupe hata kama imebaki nusu. La tatu ni la Mji wa Kale hasa: paka. Ini la paka halimudu mafuta haya, na paka hujilamba. Ukipaka, mzuie asije pajani mpaka pakauke. Na usimpake yeye kwa ajili ya viroboto kamwe.

Ni ghali kuliko wenzake kwa kuwa yanasafiri, na ughali huo ndio unaovuta ughushi. Tafuta chupa yenye jina la mmea, nchi na namba ya toleo. Chupa ya kuandikwa kwa kalamu iache palepale mezani kwa mwenyewe.

Na kivumbasi?

Kivumbasi na jamaa zake wa mrihani ni wa kwetu. Tunawatia kwenye vikuba pamoja na asumini, tunawapanda mlangoni kuzuia mbu. Kakamega kuna wakulima wanaokeneka aina moja, Ocimum kilimandscharicum, yenye kafuri nyingi, na kutoka kwayo hutengenezwa dawa ya kupaka iitwayo Naturub, kwa mafua na maungo. Sijamweka katika mizani kwa sababu moja: aina zake hutofautiana mno, moja imejaa kafuri, nyingine yujenoli, na kichupa cha "kivumbasi" kisichotaja aina hakikuambii unapaka nini. Ukipata chenye kafuri, kifuate kwa tahadhari zote za mkaratusi.

Kulingana na hali yako

Jino limekuamsha saa nane za usiku na wewe ni mtu mzima usiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda: karafuu, na asubuhi daktari wa meno. Ukiwa na dawa hizo, parasetamoli hadi kupambazuke.

Pua imeziba, huna pumu: mkaratusi kwenye leso. Kama kifua kinakereza, au homa imevuka siku tatu, usifukize, nenda ukapimwe.

Chunusi za kawaida, mba, au fangasi wa miguu: mti-chai, kama bei unaiweza. Kama huiwezi, krimu ya fangasi ya kemisti ni nafuu na haitakuangusha. Mwenye kisukari mwenye kidonda mguuni asipake chochote kati ya hivi. Mguu huo ni wa daktari.

Mbu wa jioni barazani: mchaichai, ukijua ni wa saa moja.

Mjamzito au anayenyonyesha: amuulize mkunga kwanza, kwa mafuta yote manne. Nyumba yenye mtoto mdogo: mimi ningenunua kichupa kimoja tu, kidogo, kiwekwe juu kwenye kabati lenye kufuli. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mchukue pamoja na kichupa chenyewe moja kwa moja mpaka Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nawe.

Na ukienda dukani kwa ajili ya chunusi, usitaje jina kwa mdomo kama nilivyofanya. Fungua simu, andika Melaleuca alternifolia, mwonyeshe muuzaji, kisha usome chupa kabla ya kutoa pesa.